Pima kwanza, ndipo useme kituo cha jirani kinavuja!

Ni Jumapili usiku, wenzangu wako kwenye vimbwete wanapiga desa kwa ajili ya testi ya kesho, na mimi ilitakiwa niwe huko huko. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa. Nisipoliandika sitalala.

Ijumaa jioni mwenzetu mmoja alirusha picha kwenye grupu la darasa. Picha ya skrini ya laptop: kilima kirefu katikati, ambacho ni kituo kimoja cha FM cha mjini hapa, na pembeni yake vilima vidogo vidogo. Chini kaandika: "Oneni hawa wanavyovuja mpaka kwenye masafa ya jirani. Ushahidi huo. Wafungiwe!" Nusu saa haijapita, dole gumba zimejaa. Mmoja akaongeza kwamba fundi mitambo wa kituo hicho ni kilaza tu.

Jamani! Sisi ni mwaka wa tatu, tunasoma mawasiliano. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: umepima na nini? Ukiwa wapi? Kifaa chenyewe kilikuwa kinahimili, au kimezidiwa? Hata mimi sikuuliza. Nilinyamaza kwa sababu nina aibu yangu. Likizo ya mwaka jana nilifanya kosa hilo hilo nyumbani Bariadi, na baba wa watoto watatu nusura akose kazi kwa sababu ya picha yangu.

Kwa hiyo leo nasema, na atakayechukia achukie: kumtuhumu mtu kwamba mtambo wake unavuja kabla hujakipima kipimo chako mwenyewe ni uzushi, hata kama uzushi wenyewe una rangi nzuri kwenye skrini. Na chuo kinachotutoa na nondo zetu bila kutushikisha spektramu analaiza kinashiriki uzushi huo.

Kwanza tuelewane: kuvuja ni nini?

Kituo cha FM hakikai kwenye namba moja kama msumari. Ukisikia kituo kipo megahezi fulani, hiyo ni katikati tu. Sauti inalisukuma wimbi huku na huku, mwisho kilohezi 75 kila upande. Ukiweka na stereo, hesabu ya Carson tuliyokaririshwa wote inakupa upana wa kama kilohezi 256. Sasa mpango wa masafa ya FM unaotuhusu Afrika ulisainiwa Geneva mwaka 1984 na ukaanza kutumika 1987, na hatua zake ni kilohezi 100. Kwa hiyo nafasi mbili zilizopakana kwenye orodha haziwezi kukaliwa na vituo viwili katika mji mmoja. Mpango unategemea umbali, nguvu za mitambo, na mipaka kati ya jirani na jirani.

Kwetu Simiyu mtu wa kawaida angelielewa hili haraka kuliko sisi wasomi. Una ng'ombe wako, jirani ana shamba lake la pamba. Ng'ombe wakilisha kwenye ngitili yako hakuna kesi. Wakivuka mpaka wakaingia kwenye pamba, hapo kuna kesi. Mtambo kuvuja ndio huko: nguvu inayotoka nje ya eneo lako na kukanyaga shamba la mwenzio.

Lakini sikilizeni vizuri. Ukikuta pamba imelala chini, huendi moja kwa moja kwenye zizi la jirani ukamkamata mtu shati. Unaangalia kwato kwanza. Zimetoka zizi gani? Je, si punda wako mwenyewe aliyekata kamba usiku?

Kwenye redio kwato zinaweza kutoka kwenye mazizi matatu. La kwanza ni mtambo wenyewe, yaani kweli unavuja. La pili ni redio ya msikilizaji, imezidiwa na mawimbi makali ya karibu ikaanza kutengeneza takataka humo humo ndani. La tatu, ambalo ndilo lilinidhalilisha mimi, ni kifaa chako cha kupimia.

Kilichotokea Bariadi

Nilifika likizo, nikafikia kwa baba mdogo. Nyumba yake haiko mbali na minara. Baba mdogo ni mtu wa pamba na mtu wa redio. Msimu ukikaribia anataka kusikia kila kinachosemwa kuhusu bei, na kuna kituo kimoja cha Mwanza amekizoea tangu sijazaliwa. Nikamwamkia, hata sijakaa vizuri akanipa redio mkononi.

"Mwanangu, si unasomea mambo haya? Mwanza yangu imeingiliwa. Wanaongea watu wawili kwa pamoja kama wamelewa."

Nikasikiliza. Kweli kabisa, nyuma ya mtangazaji wa Mwanza kulikuwa na sauti mbili zimekwaruzika, moja kubwa kuliko mwenzake. Niliitambua ile kubwa: ni kituo cha pale mjini, sitakitaja, tukiite A. Ile ndogo sikuijali. Kumbukeni hilo, sikuijali.

Nikatoa kidude changu cha RTL-SDR, hivi vya USB, bei yake unaimudu bumu likitoka. Nikachomeka antena, nikapanda juu ya tenki la maji. Loh! Kilima cha A kama Kilimanjaro, na kilohezi 800 chini yake, palepale Mwanza inapokaa, kuna kilima kingine. Nikapiga picha. Usiku ule ule nikaandika barua kwa uongozi wa kituo A, yenye maneno makubwa ya kisomi, kwamba mtambo wao unavuja, unaingilia jirani, na fundi wao amezembea. Nikaambatanisha picha. Nilijiona mhandisi hasa.

Siku nne baadaye fundi akanitafuta. Sikujua kama atanipiga au vipi. Kumbe mtu mpole, mkubwa kwangu kwa miaka kama ishirini. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya kuiba.

"Marahaba. Wewe ndiye mwanafunzi wa barua?"

"Ndiyo, kaka."

"Bosi amenipa mpaka Ijumaa nijieleze. Kuna mhandisi anakuja Alhamisi na spektramu analaiza kwa kazi nyingine, nimemwomba tupime mbele yako. Kama mtambo unavuja, nitasaini mwenyewe kwamba nimekosa. Njoo na hicho kidude chako."

Hakunitukana. Wadau, bora angenitukana.

Alhamisi

Hapo ndipo nilipojifunza kwa saa mbili kitu ambacho miaka miwili ya slaidi haikunipa.

Somo la kwanza: huchomeki analaiza kwenye mtambo kama chaji ya simu. Mtambo ule ni wa kilowati 1, ambayo ni desibeli 60 juu ya miliwati. Analaiza nyingi mwisho wake mlangoni ni wati 1, yaani desibeli 30. Ukiunganisha moja kwa moja umeunguza kifaa cha mamilioni. Kwa hiyo unachukua sampuli kwenye kapla iliyo kwenye njia ya kwenda antena. Ile ilikuwa inapunguza desibeli 50, ikabaki 10. Mhandisi akaongeza kipunguzi cha desibeli 30, ikawa 20 chini ya miliwati. Hapo kifaa kinapumua.

Somo la pili: ukubwa wa kilima unategemea dirisha unalochungulia. Wimbi lenye sauti ndani yake limetawanyika. Ukichungulia na dirisha jembamba la kilohezi 1, unaona kipande tu cha nguvu yake, kilele kinaonekana kifupi kuliko kilivyo, na uchafu wa pembeni unaonekana mkubwa ukiulinganisha nacho. Kwa hiyo unapima kwanza wimbi lenyewe bila sauti, au kwa dirisha pana, upate kipimo cha kuanzia. Ndipo unabana dirisha utafute uchafu. Mimi kwenye picha yangu hata sikujua dirisha lilikuwa na upana gani!

Somo la tatu ndilo lililonimaliza. Mhandisi aliangalia picha yangu kwa sekunde chache akauliza, "Mjini kuna kituo kingine juu ya A? Kama kilohezi 800 hivi?" Fundi akajibu kipo, B. Basi mhandisi akachukua karatasi: A mara mbili, toa B. Jibu: kilohezi 800 chini ya A. Shamba la Mwanza haswa. Mawimbi mawili makali yakikutana kwenye kifaa kilichozidiwa yanazaa mtoto mahali hapo. Ndiyo maana baba mdogo alisikia watu wawili. Ile sauti ndogo niliyoipuuza ilikuwa B, na ndiyo iliyokuwa inaniambia ukweli.

Swali likabaki: mtoto amezaliwa wapi? Maana anaweza kuzaliwa kwenye mtambo wenyewe, wimbi la B likiingia kupitia antena ya A mpaka kwenye hatua ya mwisho ya kukuza nguvu. Hapo kituo kina kosa, na dawa yake ni chujio zuri kati ya mtambo na antena. Tukaangalia kwenye kapla ya A. Marekani, kwa mfano, sheria inataka uchafu ulio mbali zaidi ya kilohezi 600 uwe chini kwa desibeli 73 kwa mtambo wa kilowati 1. Pale tuliona uko chini zaidi ya desibeli 80. Mtambo msafi.

Kisha zamu ya kidude changu. Tukarudi kwenye tenki la maji. Kilima cha uchafu kile pale, kinanicheka. Mhandisi akaweka kipunguzi cha desibeli 10 kati ya antena na kidude. Kama kile kilima kingekuwa kinatoka hewani kweli, kingeshuka desibeli 10 kama vituo vyenyewe. A ikashuka 10. B ikashuka 10. Kilima changu kikazama kabisa. Mtoto wa aina hiyo, anayezaliwa ndani ya kifaa, hushuka mara tatu ya wazazi wake: wazazi 10, yeye 30. Jaribio la dakika mbili! Kipunguzi kinachoingia kwenye mfuko wa shati!

Tukaishia kwa baba mdogo. Fundi akaishika redio, akaisukuma antena yake ndani mpaka ikabaki kama kidole. Zile sauti mbili zikafifia, Mwanza ikabaki na mikwaruzo kidogo lakini maneno yote yanasikika. Baba mdogo akasema, "Wabeja sana." Hakujua kwamba anayemshukuru ndiye niliyetaka kumkosesha ugali.

Fundi aliendelea na kazi yake. Nikaandika barua ya pili ya kukiri kosa. Lakini siku zile kabla ya Alhamisi aliziishi yeye, mimi sikuziishi.

Sasa nianze na ninyi

Wenzangu wa picha za skrini. Kidude cha biti 8 kinaona tofauti ya desibeli 50 hivi kati ya kikubwa na kidogo. Uvujaji mnaoudai uko desibeli 70 au 80 chini. Mnawezaje kuona kilicho nje ya macho ya kifaa? Ni sawa na kupima uzito wa sindano kwenye mzani wa AMCOS. Sisemi mvitupe, mimi bado ninacho changu na nakipenda. Nasema mjue mwisho wake. Kuna hata analaiza ndogo za bei nafuu kama tinySA, zilizoingia sokoni 2020, lakini nazo zikizidiwa zinazidiwa vilevile.

Ukitaka nikuamini, nipe vitu vitano: ulikuwa wapi na mnara uko umbali gani, antena gani, dirisha la upana gani, kipimo cha kuanzia ulikipataje, na ukiweka kipunguzi cha desibeli 10 nini kilishuka kwa kiasi gani. Huna? Basi una picha, huna ushahidi.

Wenye vituo, msishangilie. Simulizi hii haiwasafishi. Kuna wanaoamini kuwa dawa ya malalamiko ni kuongeza wati. Kuna wanaokaza kiboresha sauti ili wasikike kwa kishindo kuliko jirani, mpaka sauti inalisukuma wimbi nje ya zile kilohezi 75. Huo ni uvujaji wa kweli, na unaanzia kwenye mikono ya bosi anayetaka kishindo. Wengine wanaona chujio ni gharama. Ukimfukuza fundi kwa barua ya mwanafunzi bila kupima, kesho utampongeza fundi mwingine anayevuja kweli, maana hujui tofauti.

Na usafi huu si wa muziki tu. Juu ya megahezi 108 ndipo yanapoanza masafa ya kuongozea ndege. Piga hesabu ileile: kituo kikiwa 107 na kingine 104, mara mbili ya 107 toa 104 ni 110. Hapo rubani anatafuta njia ya kutua. Mtoto huyo akizaliwa kwenye mtambo, hakuna wa kumwambia rubani asukume antena ndani.

Na sasa chuo. Analaiza ipo. Iko kabatini, kabati lina kufuli, na funguo anayo mtu ambaye yuko safarini. Tumeiona mara moja kwa mbali, arobaini na kitu tumezunguka meza moja, lekchara akaonyesha kilima akasema "hii ni kaya". Tukapiga makofi. Eti zoezi limefanyika! Mtihani ukaja ukauliza "eleza matumizi matano ya spektramu analaiza", tukaeleza matano, tukapata A. Nilikuwa na A hiyo siku niliyoandika ile barua. Nasikia hoja kwamba wanafunzi wataiunguza. Sawa, tufundisheni kipunguzi kwanza! Hakuna anayeunguza analaiza kwa jenereta ndogo ya maabara iliyofungwa chini. Kifaa kinachotunzwa kisiguswe mpaka kipitwe na wakati kimeungua tayari, tofauti ni kwamba hakikutoa moshi.

"Kwa hiyo mwananchi anyamaze?"

Hilo swali nimeulizwa na mwenzangu wa chumba nilipomsomea haya. Akaniambia: baba yako mdogo hana analaiza, hana kipunguzi, na alikuwa sahihi kwamba Mwanza imeingiliwa. Unataka watu wa Maswa na Meatu wakae kimya mpaka wapate digrii?

Hapana. Hoja ni nzuri na nimeifikiria. Baba mdogo hakukosea hata neno moja. Alisema anachosikia: Mwanza imeingiliwa, watu wawili wanaongea. Huo ni ushahidi safi kuliko picha yangu. Msikilizaji apeleke malalamiko, aseme siku, saa, mahali na anachosikia. TCRA ndiyo yenye dhamana ya masafa, na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa pale Mwanza. Aliyekosea ni mimi, niliyegeuza "nasikia hivi" kuwa "fulani amefanya hivi". Malalamiko ni haki ya kila mwenye masikio. Hukumu inataka kipimo, na sisi tunaovaa jina la uhandisi ndio tunaotakiwa kuijua tofauti.

Hata hili la msongamano litazidi. Mpango ule wa Geneva ulichorwa wakati Tanzania Bara redio ni ya serikali peke yake. Mlango wa redio binafsi ulifunguliwa na sheria ya 1993. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa 2012. Kila kituo kinachoongezeka kinaongeza jozi mpya za kuzaa watoto kwenye redio za watu. Kelele zitakuwa nyingi, na tusipokuwa na wapimaji mikoani, kila ugomvi utaamuliwa na mwenye sauti kubwa.

Kesho baada ya testi naenda kuomba funguo ya lile kabati kwa maandishi, na majina ya watakaonisindikiza nayataka leo. Mwenzetu wa picha ya Ijumaa, nawe nimekuandika namba mbili bila kukuuliza. Sina ugomvi na wewe. Njoo na kidude chako. Kipunguzi cha desibeli 10 ninacho, fundi alinipa nilipokwenda kumuaga, akaniambia, "Chukua dogo, uanze na hiki."

Naomba kuwasilisha.